SANAMU YA CHUMA: TUIULIZE ILIKOTOKA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Utangulizi

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuvuka feri ya Likoni na kupanda matatu ya kwenda katikati ya mji wa Mombasa, bila shaka umeziona zile pembe kubwa zilizopishana juu ya barabara ya Moi Avenue, mahali ambapo wenyeji hupaita Mapembeni. Mgeni akija Mombasa hapumui mpaka apigwe picha pale. Lakini tukiulizana, "Jamani, zile ni nini?" wengi watajibu haraka, "Ni pembe za ndovu." Hasha! Tangu dunia iumbwe hajazaliwa ndovu mwenye pembe za alumini. Zile ni sanamu. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950, nchi ikiwa bado chini ya ukoloni, kwa heshima ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza.

Waona basi? Sanamu ya chuma tunayo karibu, na kila siku watu wanapita chini yake, lakini hatujafundishwa kuisoma. Shairi tunafundishwa: vina, mizani, mishororo, ujumbe, dhamira. Hadithi fupi tunafundishwa. Sanamu je? Tunaitazama, tunasema "nzuri" ama "mbaya", halafu tunaendelea na safari yetu. Katika makala haya ninakusudia kukuonyesha, ewe mwanafunzi mwenzangu, kwamba sanamu ya chuma nayo ina namna yake ya kusomwa, na kwamba swali la kwanza si "Inafanana na nini?" Swali la kwanza ni, "Chuma hiki kimetoka wapi?"

Neno lenyewe kwanza

Sisi ni Chama cha Kiswahili, kwa hivyo tuanze na lugha. Kwa kawaida neno chuma ni jina la madini moja, yale yanayoshika kutu. Mengine yana majina yake: shaba, bati, risasi, fedha, dhahabu. Wanasayansi wakitaka kuyataja yote kwa pamoja husema metali. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku mtu akisema "kitu cha chuma" mara nyingi huwa anamaanisha metali yoyote ile. Nami hapa nitatumia neno hili kwa maana hiyo pana, ila pale nitakapozungumzia kutu.

Usifikiri kwamba sanaa hii ni ngeni kwa Waswahili, ati imeletwa na Wazungu juzi. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tuna mhunzi, yaani fundi afuaye chuma. Tuna fuawe, ambalo ni pande la chuma analogongea juu yake. Tuna mvukuto wa kupulizia moto, tuna koleo, tuna tupa. Tuna kitenzi kufua, maana yake kugonga chuma kilichopata moto mpaka kikubali umbo. Tuna kusubu, kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu. Tuna kulehemu, kuunganisha vipande kwa moto. Watu wasiokuwa na kazi hiyo wangeyapata wapi maneno haya yote?

Njia nne za kuunda

Ukitaka kuisoma sanamu ya chuma ni lazima ujue fundi alipitia njia gani. Njia ni nyingi, lakini nitataja nne.

Njia ya kwanza ni kufua, ambayo nimekwisha kuieleza. Hii ndiyo njia ya panga na jembe.

Njia ya pili ni kusubu. Mfano mzuri kabisa tunao hapahapa pwani, nao ni siwa ya shaba ya Lamu. Siwa ni baragumu kubwa iliyokuwa ikipulizwa katika shughuli za heshima, kama vile harusi za wakuu na kutawazwa kwa watawala. Pate walikuwa na yao ya pembe ya ndovu, na Lamu walikuwa na yao ya shaba. Siwa ya shaba ilitengenezwa kwa njia ya nta. Fundi huunda kwanza umbo lake kwa nta, pamoja na nakshi zote. Kisha huifunika nta ile kwa udongo na kuuchoma. Nta inayeyuka na kutoka, ndani panabaki uwazi wenye umbo lilelile. Hapo ndipo shaba iliyoyeyuka humiminwa. Ikipoa, udongo unavunjwa na kazi inatokea. Angalia basi: kalibu imevunjika, nta imekwisha potea, kwa hivyo siwa ya pili iliyo sawasawa na ile ya kwanza haiwezi kutoka hapo. Fundi akikosea mara moja, kazi ya siku nyingi imekwenda na maji.

Njia ya tatu ni kuchomelea, ama kama wanavyosema mafundi wetu wa kando ya barabara, kuweldi. Hapa fundi hachukui chuma kibichi. Huchukua vipande vilivyokwisha kuwa na umbo, kama vile gia, spana, mnyororo wa baiskeli au pipa la mafuta, akavikata na kuviunganisha. Hii ndiyo njia ya wachongaji wengi wa leo nchini Kenya.

Njia ya nne ni kufunga na kushona kwa waya. Usicheke! El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha kwa miaka mingi huko Nsukka, Nigeria, hukusanya vizibo vya chupa za vileo kwa maelfu, akavibonda na kuviunga kwa waya wa shaba. Kazi yake ikitundikwa ukutani utadhani ni leso kubwa yenye mikunjo, kumbe ni chuma kitupu. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice, tuzo ya heshima kwa kazi yake ya maisha yote. Hakuhitaji mashine ya kuweldi hata moja. Alihitaji subira.

Maonyesho ya Kassel, mwaka 2022

Sasa tuingie katika maonyesho yenyewe. Katika mji wa Kassel, nchini Ujerumani, kila baada ya miaka mitano hufanywa maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Ni miongoni mwa maonyesho yanayoheshimiwa zaidi ulimwenguni. Yale ya 15 yalifanywa kuanzia tarehe 18 Juni hadi 25 Septemba mwaka 2022, na waliopewa kazi ya kuyapanga walikuwa kikundi cha wasanii kutoka Indonesia kiitwacho ruangrupa. Kikundi hiki hakikuita wasanii mashuhuri mmojammoja tu. Kiliita hasa vikundi, watu wanaofanya kazi kwa umoja. Na mojawapo ya vikundi vilivyoitwa kilitoka Kenya: Wajukuu Art Project.

Wajukuu wako Lunga Lunga. Wala usiruke, msomaji wa Kwale! Si Lunga Lunga yetu ya mpakani na Tanzania. Ni mtaa ulioko Mukuru, jijini Nairobi, kando ya eneo la viwanda. Ni mahali ambapo nyumba nyingi ni za mabati, zimesongamana, na vijana wengi wanatafuta riziki kwa vibarua. Shabu Mwangi na wenzake walianzisha kikundi hicho ili watoto wa mtaa wapate mahali pa kujifunza sanaa.

Huko Kassel walipewa nafasi katika jengo liitwalo documenta Halle. Ni jengo la kisasa, lina vioo, ni safi. Wajukuu walifanya nini? Walilivalisha mabati mlango wake! Tena mabati yenye kutu. Mtu aliyetaka kuingia ndani hakuwa na budi kupita katika njia ya mabati, nyembamba na yenye giza, kama vichochoro vya Mukuru. Wazia mwenyewe: tajiri wa Ulaya amevaa viatu vya ngozi, amelipa kiingilio, halafu kabla ya kuona sanaa yoyote ni lazima apite mle ambamo mtoto wa Mukuru hupita kila asubuhi akienda shule.

Hapo ndipo penye somo. Lau kama mtu angeuliza tu, "Mabati haya yanafanana na nini?" angejibiwa, "Yanafanana na mabati." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Lakini akiuliza, "Yametoka wapi? Yalikuwa yakifanya kazi gani?" ndipo kazi ile inapoanza kusema. Bati ni kitu kilichokuwa kikimkinga mtu mvua. Kutu yake inaonyesha miaka.

Ndani ya jengo kulikuwa na kazi ya msanii mwingine wa kikundi hicho, Ngugi Waweru. Yeye alitumia visu. Si visu vipya vya dukani, bali visu vilivyolika kwa kunolewa mara nyingi, mpaka vingine vimebaki vyembamba kama ulimi wa mjusi. Jina la kazi hiyo alilitoa katika methali ya Wagikuyu, ambayo maana yake kwa Kiswahili ni kwamba kisu kikali mno humkata mwenyewe. Sasa fikiri: kisu kimoja kilichokwisha namna hiyo kimepika chakula cha jikoni kwa miaka mingapi? Kimekata sukuma wiki ngapi? Mama mwenye kisu kile alikuwa hawezi kununua kingine, basi akawa anakinoa, na kila akikinoa kinapungua. Methali inazungumzia ukali, na chuma kinaonyesha gharama ya ukali huo. Katika darasa la fasihi tungesema hiyo ni tamathali ya usemi, tofauti ni kwamba hapa imesemwa kwa visu badala ya maneno.

Kwa kazi yao hiyo Wajukuu walipewa tuzo ya Arnold Bode ya mwaka 2022. Arnold Bode ndiye aliyeanzisha documenta mwaka 1955. Vijana wa mtaa wa mabati walishinda kwa mabati. Hongera zao!

Bunduki zilipogeuka mti

Nitatoa mfano mmoja zaidi ili ule msingi ukae vizuri kichwani. Jirani yetu wa kusini baada ya Tanzania ni Msumbiji. Nchi hiyo ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1992. Vita viliisha, lakini silaha zilibaki, nyingine zimefukiwa mashambani, nyingine zimefichwa majumbani. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la Msumbiji walianzisha mpango: lete bunduki, upewe kitu cha kazi, kama vile jembe, cherehani au baiskeli. Bunduki zilizokusanywa zilikatwakatwa zisiweze kutumika tena, na vipande vyake wakapewa wasanii wa Maputo.

Mwaka 2004 wasanii wanne, yaani Cristóvão Canhavato, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, walivichomelea vipande hivyo wakaunda mti mkubwa wenye kimo cha mita tatu na nusu hivi na uzito wa karibu nusu tani. Waliuita Mti wa Uhai, nao uko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Kwa mbali ni mti, una matawi na majani. Ukisogea ndipo unagundua kwamba shina ni mitutu, na tawi ni kitako cha bunduki. Mti ule ungeundwa kwa chuma kipya kutoka kiwandani, ungekuwa mti tu. Nguvu yake yote imo katika pale ulikotoka.

Lakini chuma kingine kimetoka wapi?

Sasa nimefika mahali penye uzito, na naomba tusipapite kwa haraka. Nimesema tuulize chuma kimetoka wapi. Swali hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni wa maana, kama tulivyoona. Upande wa pili ni wa haki.

Tarehe 11 Januari mwaka 2022 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Minara ya laini kubwa ya Kiambere kwenda Embakasi ilikuwa imeanguka kule Imara Daima, Nairobi, na ikasemekana kwamba iliharibiwa na watu. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ile tunayoiita skrapu. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwezi wa Mei mwaka huohuo. Angalia sadfa hii: Imara Daima na Mukuru ni majirani. Mwaka uleule ambao mabati ya watu wa Mukuru yalisifiwa Ujerumani, jirani yao kulikuwa na minara iliyoanguka, na fundi mwaminifu wa jua kali aliyetegemea skrapu akakaa bila kazi kwa makosa ya mwizi asiyemjua. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya biashara hiyo bila leseni. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na mwizi yuko kichakani usiku.

Usidhani ni mambo ya Nairobi tu. Njoo hapa kwetu. Kuanzia Diani mpaka Msambweni, Munje na kuendelea, vijiji vingi vimetegemea pampu za mkono. Pampu ya aina ya Afridev, ambayo inajulikana katika nchi nyingi, ilijaribiwa na kuendelezwa hapahapa Kwale katika miaka ya 1980. Ni fahari yetu. Sasa chukua mpini wake wa chuma, uupeleke kwenye mizani ya skrapu. Utalipwa kwa kilo, pesa ya soda na mandazi. Lakini kina mama wa kijiji kizima wataamka alfajiri na ndoo kichwani kutafuta maji mbali, na watoto wao watachelewa shule. Bei ya mpini ule kwenye mizani na bei yake kisimani hazilingani hata kidogo. Hata mti wa chuma mzuri kama ule wa Maputo, ukiundwa kwa mpini wa pampu ya watu, huo si mti wa uhai. Ni mti wa kiu.

Kwa hivyo msanii wa vyuma ana jukumu ambalo mwandishi wa shairi hana. Mshairi akichukua neno, wenzake hawalikosi, sote tunabaki nalo. Msanii wa vyuma akichukua chuma, kimeondoka mahali fulani. Ni lazima aweze kusema kimetoka mikononi mwa nani. Tena tukumbuke safari nzima ya chuma. Hapa Kwale, kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni, na madini hayo yakapakiwa meli kule Likoni kupelekwa ng'ambo. Sisi tumeona mwanzo wa safari, mchanga ukitoka. Sanamu ya chakavu inatuonyesha upande ule mwingine, kitu kikiwa kimekwisha kazi. Katikati pana mikono mingi sana.

Kuhusu kutu

Mtu anayetaka kuunda sanamu ya chuma hapa pwani ana adui mmoja wa kudumu, naye ni kutu. Tumefundishwa katika Kemia kwamba chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni hushika kutu, na chumvi huzidisha kasi. Sisi upepo wetu unatoka baharini umebeba chumvi. Ndiyo maana baiskeli ya Munje huzeeka kabla ya baiskeli ya bara. Mabati hupakwa zinki kiwandani ili kuyakinga, lakini zinki nayo ina siku zake. Alumini haishiki kutu ya aina ile, kwa sababu inapogusana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba ngumu ya kujikinga. Hii ni sababu moja ya zile pembe za Mombasa kustahimili hewa ya chumvi miaka yote hiyo.

Msanii ana njia mbili basi. Apigane na kutu kwa rangi, mafuta au vanishi, ama aikaribishe awe nayo kama rangi yake. Wajukuu waliikaribisha. Nasi tukipenda kuunda chochote huku, tujue kwamba bahari itatusaidia kukimalizia, tupende tusipende.

Je, sanamu inafaa kwetu?

Najua wako wasomaji watakaosema, "Sisi watu wa pwani na dini yetu, mambo ya sanamu yanatuhusu nini?" Ni swali la haki, wala si la kudharau. Mafundi wengi wa pwani kwa karne nyingi wameepuka kuunda maumbo ya viumbe wenye roho, na badala yake wakaweka ufundi wao katika nakshi za milango, katika majahazi na katika vyombo kama ile siwa. Sikuja kumfundisha mtu dini yake, hilo ni la wazazi na walimu wetu wa dini. Lakini tazama tena mifano yangu. Njia ya mabati haina umbo la kiumbe. Visu ni visu. Kazi za Anatsui ni kama kitambaa. Sanaa ya vyuma si lazima iwe simba au mtu. Yaweza kuwa mkusanyiko wa vitu vyetu wenyewe, vikapangwa mpaka vikasema. Mwenye kuona haya kuunda twiga, aunde wimbi.

Hitimisho

Kwa kumalizia, wapenzi wasomaji, nawaachia maswali manne ya kuiuliza sanamu yoyote ya chuma mtakayokutana nayo, iwe kwenye makumbusho, kwenye hoteli za Diani au katika picha ya gazeti:

1. Chuma hiki kilikuwa nini kabla ya kuwa sanamu?
2. Kimefuliwa, kimesubiwa, kimechomelewa ama kimefungwa kwa waya, na kwa nini fundi alichagua njia hiyo?
3. Kimetoka mikononi mwa nani, na je, kilitolewa kwa ridhaa?
4. Kikiwekwa hapa, mbele ya watu hawa, kinawaambia nini?

Tukiweza kuyajibu manne hayo, hatutasema tena "nzuri" au "mbaya" kisha tukanyamaza.

Nina pendekezo kwa Chama. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mbali na mashairi na mijadala, tufanye maonyesho madogo ya vyuma kuukuu. Kila mwanachama alete kutoka kwao kitu kimoja kilichokwisha kazi, kwa ruhusa ya mwenyewe: jembe lililolika, ndoana, kifuu cha taa, nanga ndogo, sufuria iliyotoboka. Kando yake aweke karatasi yenye sentensi tano za Kiswahili sanifu kueleza kitu hicho kilimtumikia nani, wapi na kwa miaka mingapi. Hatuhitaji mashine wala fedha. Bibi ama babu aliyelima kwa jembe lile aalikwe aje alisome jina lake. Nina hakika wengi wetu tutasikia habari ambazo tumeishi nazo nyumba moja bila kuzijua.

Zoezi

(a) Eleza tofauti kati ya kufua, kusubu na kulehemu. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

(b) Taja vifaa vitano vya mhunzi. Waulize wazee wa kwenu kama Kidigo kina majina mengine ya vifaa hivyo.

(c) "Bei ya kitu kwenye mizani si bei yake kisimani." Jadili.

(d) Chagua chombo kimoja cha chuma nyumbani kwenu. Kiandikie wasifu, kana kwamba ni mtu mzima aliyestaafu.

Majibu ya (d) yapelekwe kwa mwalimu mlezi wa Chama. Yatakayopendeza yatapata nafasi katika toleo lijalo. Kwaherini kwa sasa, na kila la heri katika masomo.